Redio Juu ya Kifua cha Sajini

Juzi mjukuu wangu Feni alinipeleka kuona jim yao mpya hapa Arua, ile yenye vioo kila ukuta, mpaka mtu unajikuta unajisalimia mwenyewe. Nikapewa kiti pembeni, nikalaza fimbo yangu magotini, nikaangalia. Kijana mmoja alilala chali kwenye benchi akashika chuma. Mwalimu wao akaja na kipande cha mbao, akakiweka juu ya kifua cha yule kijana. Chuma kikashuka, kikagusa mbao, kikapanda. Kikashuka tena, kikagusa mbao, kikapanda. Mwalimu akanieleza polepole na kwa sauti kubwa, kama vile wazee wote ni viziwi, kwamba hiyo ni mbinu mpya kutoka nje.

Nilicheka mpaka wakaniletea maji. Feni alidhani ninakufa. Mwalimu akauliza kinachochekesha ni nini, nami nikamuuliza hiyo mbao yake inakamata stesheni gani. Hakunielewa, na simlaumu.

Basi ninyi vijana, hebu wekeni simu kando kidogo. Mimi Candia nimefundisha watu wa mtaa wetu wa Awindiri kusukuma chuma kwa zaidi ya miaka ishirini, kabla vioo havijaja, na mbao hiyo naijua tangu ilipokuwa redio.

Mwaka wa 1979 nilikuwa Koboko, kijana wa miaka kumi na tisa, nikimsaidia mjomba wangu dukani. Vita vilipokaribia, mji ulishika njia ya mpaka wa Zaire, kama tulivyoiita Kongo siku zile. Kila mtu alibeba kile ambacho moyo wake ulikataa kukiacha. Mmoja alibeba godoro. Mwingine aling'oa mlango wa nyumba yake akajitwika kichwani, akisema nyumba isiyo na mlango hakuna mwizi atakayeitamani. Na katikati ya barabara alisimama mwanamume mfupi mwenye shingo nene, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, siku ile ya kukimbia, na miguuni pake kulikuwa na chuma cha futi saba.

Huyo ndiye Sajini Taban. Chuma chenyewe kilikuwa shafti ya kuzungushia mashine za kiwanda cha pamba kilichokwisha kufa, kinene kiasi cha kujaza kiganja na kimenyooka kabisa. Mkewe, Mama Zaitun, alikuwa amekifungia kuku watano kichwa chini, sufuria tatu na mfuko wa unga. Sajini alinitazama kuanzia miguuni hadi mabegani kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe iko na mabega," akasema. "Shika mbele."

Nikashika mbele. Hakuniuliza jina mpaka tulipovuka mpaka, na mimi sikuuliza kwa nini mtu anayekimbia risasi anabeba chuma. Ujana una upumbavu wake, na safari hii uliniokoa, kwa sababu mjomba wangu alikwenda upande wa Sudani na sikumwona tena kwa miaka sita. Watu niliokula nao, niliougua nao na niliocheka nao miaka hiyo walikuwa Sajini na Mama Zaitun. Kuku walifika wanne. Wa tano alikata kamba akaamua kurudi Koboko peke yake, na Mama Zaitun akasema huyo ndiye mwenye akili kati yetu.

Huko Zaire tulijenga vibanda, na Sajini akajenga benchi. Alichimbia nguzo mbili zenye panda juu, akaweka ubao katikati, akapakia mawe ya kusagia kila ncha ya chuma, akatangaza kwamba mazoezi ni kila siku. Mtu mkimbizi asipokuwa na ratiba, alisema, ataanza kuhesabu nzi. Alitufundisha kama anayesoma kitabu cha jeshi. Baada ya miaka ndipo nilipojua kwamba jeshini alikuwa upande wa jiko, na mzigo mzito aliowahi kuunyanyua kwa amri ulikuwa gunia la maharage. Lakini sauti alikuwa nayo, na shingo alikuwa nayo, na mwalimu akiwa na hivyo viwili wanafunzi huwa hawaombi cheti.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Kambi nzima ya watu wetu ilikuwa na redio moja, ndogo, yenye koti la ngozi, na mwenyewe alikuwa Sajini. Redio hiyo ilikuwa na kiburi. Ukiiweka mezani inakoroma. Ukiitundika mtini inakoroma. Ilikubali kusema tu ikilazwa juu ya kifua cha mtu aliyelala chali, na waya wake umeelekezwa barabarani. Sijui kwa nini. Fundi mmoja alisema ni damu ya mtu ndiyo inayovuta mawimbi, mwingine akasema ni uchawi wa mzungu aliyeitengeneza. Sisi tulichojua ni kwamba saa ya habari ikifika Sajini analala kwenye benchi, redio kifuani, na watu ishirini wanakaa chini kumzunguka.

Sajini hakuwa mtu wa kulala bure. Kwa kuwa yuko benchini, na chuma kiko juu yake, akaanza kukisukuma wakati wa habari. Chuma kinashuka mpaka kwenye koti la ngozi, kinaligusa kidogo tu, kinapanda. Ole wako ukiigonga redio. Stesheni inapotea, na watu ishirini waliotembea ili kusikia habari za nyumbani wanakuinukia wote. Kwa hiyo sisi wanafunzi, kila mmoja kwa zamu yake, tulijifunza kushusha chuma kwa adabu na kukisimamisha shubiri nzima kabla ya kifua. Msomaji wa habari akienda haraka, nasi tunaenda haraka. Ukipigwa muziki, tunapumzika. Kulikuwa na msomaji mmoja aliyependa kuvuta maneno, na mikono yetu ilimchukia sana.

Sajini alikuwa anangojea habari moja tu. Alitaka kusikia mtu mkubwa akitamka redioni kwamba watu wa upande wetu warudi, nyumbani kumetulia. Aliapa hatarudi mpaka asikie. Habari hiyo haikuja. Watu walianza kurudi wenyewe, wawili leo, watano kesho, na katikati ya miaka ya themanini Mama Zaitun alifunga kuku wake kwenye chuma bila kumuuliza mtu. Sajini akashika nyuma, mimi nikashika mbele. Njia nzima alinung'unika kwamba tunarudi bila kuambiwa.

Yeye akabaki Koboko, mimi nikaja hapa Awindiri kwenye kiwanja cha marehemu baba yangu. Hapo ndipo aliponiazima chuma. Alisema Arua kuna watu wengi na yeye atatumia bomba la maji kwa muda. Alinipa sharti moja: siku nitakayoharibu mafundisho, chuma kinarudi kwake. Nikaapa. Ningeapa lolote. Ninyi mnachagua chuma kama mtu anayechagua soksi, hamjui tabu ya chuma kisichonyooka. Bomba la maji baada ya mwezi mmoja linapinda katikati, linaanza kujiviringisha mkononi, na ukiliangalia kwa upande unaona limecheka. Chuma cha Sajini hakikuwahi kucheka.

Makosa niliyofanya miaka ile ya mwanzo ni mengi, nitawapa moja. Mizigo yangu ilikuwa madebe ya saruji, na debe la kushoto lilimwagwa na kijana mvivu aliyetia mchanga mwingi na saruji kidogo, likawa jepesi. Kwa mwaka mzima vijana wa Awindiri waliota kifua upande mmoja. Watu wakawa wanawatambua sokoni kwa kutembea kwao. Nilipogundua, sikuwa na saruji ya kutengeneza jingine, nikaamuru kila mtu alale na kichwa upande wa pili wa benchi kwa mwaka mwingine. Wakalingana. Mpaka leo kuna baba mmoja wa Onduparaka ambaye aliacha mazoezi katikati ya matibabu, na fundi nguo wake anamjua.

Lakini kosa kubwa lilikuwa lile la redio. Nilifundisha kama nilivyofundishwa: chuma kisimame shubiri moja juu ya kifua. Redio sikuwa nayo, hivyo nikachonga kipande cha mti chenye kimo chake, ili kila mtu apate kipimo. Koboko nao walifanya hivyo hivyo, kwa sababu redio ya Sajini ilikuwa imekwisha kufa, tumbo lake tupu, ingawa yeye aliendelea kuilaza kifuani. Wanafunzi wake walikuwa na redio za mti kila mmoja na yake, zimechorwa vibonye na namba. Mmoja alichonga na waya. Mwingine aliazimwa redio ya mwenzake akairudisha akisema hajaizoea.

Na hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe niliyeiona redio ikisema, niliyemlaani yule msomaji wa habari, nilikuwa nimesahau kwamba shubiri ile haikuwa mafundisho. Nilishaamini ni siri ya jeshi.

Mtu aliyeuliza alikuwa Adiru, mwalimu wa michezo wa shule moja ya sekondari hapa mjini. Alikuja kwenye kiwanja changu mwanzoni mwa miaka ya tisini, amevaa suruali ya mazoezi na filimbi shingoni, akasimama muda mrefu mikono kiunoni.

"Mwalimu," akaniambia, "kwa nini hii chuma inaogopa kifua?"

Nikamwambia ni mtindo wa jeshi. Akauliza jeshi gani. Nikakohoa. Adiru akaomba nafasi, akapunguza mzigo, akalala. Akavuta mabega nyuma na chini kama anayetaka kuyaficha mfukoni. Miguu ikakanyaga ardhi. Viwiko hakuvitawanya kama mbawa za kuku, alivileta karibu na mbavu kiasi. Akavuta pumzi akaifungia tumboni, akashusha chuma mpaka kikagusa chini kidogo ya chuchu, akanyamaza nacho kidogo, akakipandisha. Kisha akamwita mwanafunzi wangu mwenye nguvu kuliko wote ajaribu mzigo ule ule bila redio. Kijana akashusha, akagusa, akabaki huko. Adiru akamwondolea chuma kwa mkono wake, akamshukuru kwa kujaribu.

Kesho yake asubuhi nilifunga geti nikajaribu peke yangu. Chuma kilishuka vizuri, kikapita mahali pa redio, na hapo nikaingia nchi nisiyoijua. Kilitua kifuani na hakikutaka kuondoka. Nikasukuma, wapi. Jogoo wa jirani akaruka juu ya chuma, akanitazama, akawika. Ndipo nikakumbuka kwamba debe la kulia halijafungwa. Nikainamisha upande, debe likateleza likaanguka, na ncha hiyo ikaruka juu na jogoo wake, na ya pili ikashuka ikavunja mtungi wa maji. Kwa hiyo wekeni hili kichwani: ukiwa peke yako usifunge mizigo kwenye chuma, ili siku ya kukwama uweze kuimwaga. Na gumba lizungushe chuma, usiliache upande mmoja na wenzake kwa ajili ya maringo.

Nilianza upya kutoka chini kama mtoto, na chuma kitupu. Mkono una sehemu zake za njia, na sehemu usiyoitembea hubaki msitu. Miaka kumi na zaidi nilikuwa nimetembea nusu ya juu tu. Baada ya msimu mmoja wa mtama nilikuwa nagusa kifua na kurudi, na vijana wangu pia. Zile redio za mti tulizipikia chai.

Hilo la chai ndilo lililofika Koboko.

Sajini alikuja juu ya lori la tumbaku, kaptula imepigwa pasi, na wanafunzi wake kumi na wawili nyuma yake. Alikuwa amekwisha pita miaka sitini. Hakusalimia, jambo ambalo kwa mtu wa Koboko ni sawa na kukupiga kofi.

"Nasikia umechoma redio," akasema.

Nikamwambia ndiyo Afande, na nikajaribu kumweleza. Hakutaka maelezo. Alisema alinitoa barabarani na mabega matupu, akanipa kazi, na mimi nimeyapikia chai mafundisho yake. Chuma kinarudi leo. Vijana wangu arobaini walikuwa wamesimama pale wanasikia. Wengi wao walirudi kutoka ukimbizini bila shule wala shamba, na kiwanja kile ndicho mahali pekee walipokuwa na jambo la kufanya jioni. Bila chuma kile tungebaki na bomba linalocheka. Lakini niwaambie ukweli, hilo silo lililoniuma zaidi. Liliniuma kwamba Sajini aliniangalia kama mtu asiyenijua. Baba yangu nilimzika nikiwa mdogo. Wa pili sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya shubiri.

Adiru ndiye aliyeingilia. Alimsalimia Sajini kwa kupiga goti kidogo, akamwita baba, akamwomba jambo hili lipimwe badala ya kugombaniwa. Mwalimu na mwanafunzi wasukume mzigo mmoja. Chuma kiguse kifua, kisha kipandishwe mpaka mikono inyooke. Atakayeomba msaada ameshindwa, na chuma ni cha mwenzake. Sajini alikubali kabla hajamaliza, kwa sababu hakujua kwamba kuna kitu cha kujua huko chini.

Tulipanga Jumamosi. Mzigo ulikuwa magurudumu mawili ya mashine ya kusagia na madebe mawili, kilo tisini kwa mizani ya mnunuzi wa tumbaku, mizani ambayo haikuwahi kumpendelea mkulima, kwa hiyo labda zilikuwa mia. Watu wa Koboko walijaa lori zima na redio za mti zimefungwa shingoni. Watu wa Onduparaka walikuja moja kwa moja kutoka mpirani, na watu hao hata harusini hutaka kujua nani ameongoza. Walijigawa pande mbili bila kujua ugomvi unahusu nini, na kabla sijalala benchini mmoja alikwisha dai kwamba nimeotea.

Nilianza mimi. Nikashusha, nikagusa, nikapandisha. Watu walipiga kelele lakini mimi sikusikia furaha yoyote. Niliinuka nikasimama nyuma ya benchi.

Sajini akalala na redio yake kifuani. Adiru akamwambia kwa heshima kwamba redio itoke. Hapo kukazuka kesi. Mtu mmoja wa Koboko, mwenye kanzu na sauti ya hakimu, alieleza kwamba redio ile imekaa mahali pale tangu 1979, na kitu kikikaa juu ya mtu muda huo wote kimekuwa kiungo chake, kama jino. Mtu wa Awindiri akajibu kwamba jino halina betri. Yule akajibu kwamba hata redio hii haina. Hoja ilikuwa nzuri na watu wa pande zote mbili waliipigia makofi. Mwishowe Mama Zaitun alipita katikati ya watu, akainyanyua ile redio kutoka kifuani kwa mumewe kama mama anayemwondoa mtoto aliyelala, akaenda kukaa nayo kivulini.

Sajini akatoa chuma kwenye panda. Kikashuka. Kilipofika mahali pa redio kikasimama chenyewe, maana mikono ile haikujua njia nyingine. Kikatetemeka pale. Kisha akakiachia kiende, kikaenda, kikatua kifuani.

"Kumbe huku chini iko mbali," Sajini akasema.

Akasukuma. Hakikuondoka. Akasukuma tena, shingo ikawa nyeusi. Hakikuondoka. Adiru akamuuliza kama anaomba msaada. Sajini akasema hapana, anapumzika.

Akapumzika. Watu wakaanza kujadiliana kama mchezo umekwisha au haujaisha, kwa kuwa katika masharti yetu hakuna aliyetaja muda. Sajini, naye, kwa vile alikuwa na hadhira na hakuwa na pa kwenda, akaanza kutufundisha kutoka pale pale chini ya chuma, kwa pumzi fupi fupi. Alizungumzia usafi wa miguu. Alizungumzia namna ya kuloweka maharage ya watu mia. Wanafunzi wake kumi na wawili walisimama wima wakisikiliza. Mama Zaitun akaja na kijiko akamnywesha chai, akamwambia mbele ya watu wote kwamba ameolewa na punda. Watu wa Onduparaka wakauliza kama hiki bado ni kipindi cha kwanza.

Mimi nilikuwa kichwani pake, na kutoka pale niliona wasichokiona wengine. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Vidole vilikuwa vinafunguka. Nikiinua chuma bila kuombwa, nimemwaibisha mbele ya miji miwili. Nisipoinua, nina mwalimu shujaa na maiti. Nikainama mpaka uso wangu ukawa juu ya uso wake, umegeuka, na nikamwita Afande kwa sauti ndogo. Alinitazama. Safari hii alinijua.

"Candia," akasema. "Shika mbele."

Nilishika. Chuma kilipanda, mimi nikivuta na yeye akisukuma, mpaka kwenye panda. Akakaa kitako, akapumua kama mtu aliyetoka mtoni, na wote tukamgeukia Adiru. Yule wa kanzu akasema huo haukuwa msaada. Mtu wa Awindiri akasema kama si msaada ni nini basi. Adiru alifikiri, filimbi mdomoni.

"Mimi sikusikia mutu anaomba," akasema. "Nimesikia amri."

Hakuna aliyeshindwa, basi. Watu wa Onduparaka waliita sare, wakaenda nyumbani wameridhika. Wanafunzi wa Koboko wakakiendea chuma wakibebe mpaka kwenye lori, na Sajini akawazuia kwa mkono. Aliwauliza ni nani kati yao aliyewahi kusimama kichwani pa mwenzake wakati anasukuma. Wakatazamana. Hakuna, kwa sababu mwenye redio kifuani hakwami, chuma hakimfikii, hahitaji mtu. Sajini akasema chuma kibaki mahali palipo na mtu wa kushika mbele. Halafu akanigeukia akasema yeye atakuja Arua kila Ijumaa baada ya swala, na kwamba benchi yangu ni chafu.

Alikuja kweli. Lori la tumbaku liliwashusha yeye na Mama Zaitun Ijumaa baada ya Ijumaa, na Sajini alianza na chuma kitupu kama nilivyoanza mimi, akikitukana kwa Kiswahili, Kikakwa na lugha nyingine aliyoiokota jikoni. Nilisimama kichwani pake kila mara. Redio ilikaa kivulini kwa Mama Zaitun, aliyekuwa anahifadhia vitunguu saumu ndani yake. Tuliongeza mzigo kidogo kidogo, jiwe, debe, gurudumu moja. Mvua zikaja zikaisha.

Ijumaa moja tulipakia mzigo wote wa siku ile ya mashindano. Adiru alikuwepo. Sajini alilala, akavuta mabega, akakanyaga ardhi. Chuma kikashuka. Kikapita mahali pa redio bila kusita, kikagusa kifua, kikatulia. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Hakikupanda. Nikaweka mikono tayari.

"Afande, umekwama?"

"Hapana," akasema. "Nasikiliza."

Alikaa hivyo, macho yake juu, chuma kimemlalia mahali pale ambapo kwa miaka yote ile alikuwa akingojea mtu mkubwa amwambie arudi. Adiru aliondoa filimbi mdomoni.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Iko kimya," akasema. "Tumefika."

Akakisukuma kikapanda mpaka mikono ikanyooka, peke yake, na mimi sikukigusa.